Uliniacha Kabambare: Miaka Yangu Nyuma ya Kinanda

Fyuuuuu-iiiii-puh.

Hivyo ndivyo kinanda cha upepo kinavyolia kikikatiwa hewa katikati ya wimbo. Kinaanza kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, kinashuka kama mtu anayesinzia huku anaongea, halafu mwishoni kinatoa "puh" moja ndogo, ya aibu. Nimesikia milio mingi: mvua juu ya mabati, pikipiki ikikataa kuwaka, mama yangu akiniita kwa majina yangu yote matatu. Lakini fyuuu ile ingali masikioni mwangu mpaka leo, kwa sababu niliitoa mimi, mbele ya kanisa zima la Kasongo, siku ya sikukuu ya parokia.

Wadogo zangu wa kwaya, mimi ndiye Yaya Sifa, dada yenu mkubwa. Nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka ishirini na saba na meno yangu yote yako kinywani. Lakini mtu akifanya kazi miaka kumi na mmoja, na kazi yenyewe ikafa mbele ya macho yake, huyo mtamwitaje? Sina pensheni. Nina mkono wa kuume mnene kuliko wa kushoto, basi. Fundi nguo akinipima huwa anapima mara mbili, anadhani kamba yake imeharibika.

Kazi yangu ilikuwa kuvukuta. Kile kinanda mnachokiona kule stoo, katikati ya viti vilivyovunjika, zamani kilikuwa na pedali za miguu, na mpigaji alijitilia hewa mwenyewe. Mchwa wakala pedali. Mhunzi mmoja wa sokoni akaitwa, naye akafanya anachokijua: akafunga mivukuto ya ngozi ya mbuzi, sawa na ile yake ya kufulia vyuma, na mpini wa mti kwa nyuma. Tangu siku hiyo kinanda kikataka watu wawili. Wa mbele anapiga, huyo anaitwa Mwalimu. Wa nyuma anavukuta, huyo anaitwa "wee, sukuma!"

Mwalimu alikuwa Papa Kalonda. Mrefu, mwembamba, koti moja jeusi la kila Jumapili, na vidole ambavyo hata akila bugali ungedhani anatafuta noti za wimbo. Nilianza kwake nikiwa na miaka kumi na mitano, nimeacha shule darasa la pili la sekondari, na nilichojua kuhusu muziki ni kwamba ukisikia mzuri, unacheza.

Siku ya kwanza akaniuliza, "Mama Sifa, wimbo ni nini?" Kwetu mzee akikupenda, anakuita mama hata kama bado unacheza kamba.

Nikajibu, "Wimbo ni maneno yenye sauti, Papa."

"Apana. Wimbo ni safari. Unatoka nyumbani, unatembea, unarudi. Mutu mwenye hajui nyumba ya wimbo iko wapi, huyo anavukuta tu sawa mutu anafukuza nzi."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Nikavukuta nikifukuza nzi karibu mwaka mzima.

Sasa niwape siri ya kazi, kwa sababu hakuna atakayewauliza tena. Ndani ya kinanda hewa haionekani, kwa hiyo Papa Kalonda alifunga kifungo cha shati kwenye uzi, uzi ukapita kwenye tundu, na nyuma ubaoni akachora mistari miwili ya chaki. Mivukuto ikijaa, kifungo kinashuka. Hewa ikipungua, kifungo kinapanda. Kazi yako ni kukiweka kati ya mistari, taratibu, bila papara. Sauti nene zinakula hewa nyingi, sawa na wajomba. Sauti nyembamba zinakula kidogo. Na kabla wimbo haujarudi nyumbani, jaza mpaka chini kabisa, maana kurudi kunataka nguvu kuliko kwenda. Papa alikuwa anasema hivyo hivyo juu ya njia ya Kabambare, mji ulio mbali na kwetu, matope njia nzima.

Sasa, juu ya wimbo wenyewe ulionitia aibu.

Papa Kalonda alikuwa na karatasi mbili za kipande cha Wazungu wa zamani, zile nyimbo zisizo na maneno. Karatasi ya juu, ambayo ingekuwa na jina la wimbo na la mtungaji, nayo mchwa walishaila. Mchwa wa parokia yetu wanapenda sana muziki. Alizipata ujanani kutoka kwa mwalimu wake. Aliupiga nyumbani kwa vidole juu ya meza, aliupiga kanisani kabla ya ibada, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuufikisha mwisho mbele ya watu. Kila mara kitu kinatokea. Mvua inashinda sauti. Padri anaanza tangazo. Siku moja nyuki waliingia.

Mke wake, Mama Bitondo, alikuwa anamcheka. "Huo wimbo yako hauna mwisho, sawa safari za wanaume. Siku utaisha, na miye nikasikia mwisho na masikio yangu mawili, nitakuchinjia ule jogoo."

Aliyasema hayo jogoo akiwa kifaranga. Jogoo akakua. Akapata mapanga mekundu, akapata wake, akapata wajukuu. Papa Kalonda alikuwa akimtazama kila jioni anapopita uani, na jogoo anamtazama yeye. Kwa Papa Kalonda haikuwa habari ya nyama. Alitaka jambo moja tu: mara moja kabla vidole havijakauka, wimbo ule ufike nyumbani watu wakiwa wanasikiliza, na Mama Bitondo akiwa mmoja wao. Aliniambia hivyo mwenyewe, kisha akaona haya akajifanya anafuta vumbi.

Basi ikaja sikukuu ya parokia. Padri akasema, "Mwalimu, baada ya komunyo utupigie kitu kizuri." Papa Kalonda hakulala siku tatu.

Tulifanya mazoezi kila alasiri. Na hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na si langu peke yangu, naliandika hapa ili ukoo wangu usafishwe. Kila alasiri alipofika chini ya karatasi ya pili, Mama Bitondo alikuwa anapiga kelele kutoka ng'ambo ya njia, "Kalondaaa! Bugali inapoa!" Naye anafunga kinanda. "Yenye kubaki ni ile ile," ananiambia, anaondoka mbio.

Mimi nyuma ya kinanda nilikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, kimening'inizwa msumarini, nipate kuona karatasi iko wapi. Noti sikuzijua, ila niliona mstari wa mwisho mnene mweusi. Nikajifunza hivi: mstari mnene, bugali, kazi imeisha.

Siku ya sikukuu kanisa limejaa mpaka madirishani. Mama Bitondo kiti cha mbele, kitenge kipya. Papa Kalonda akaanza. Mwanzo wa wimbo ule ni mtamu, wa jua la asubuhi, kama mtu anayefagia uwanja huku akitabasamu. Halafu karatasi ya pili: mawingu, sauti nene, mashaka. Nikavukuta kwa bidii, wajomba wanakula. Nikaangalia kiooni. Mstari mnene huo! Nikaachia mpini. Nikafuta jasho. Nikakaa juu ya debe langu, nikatoa karanga mfukoni, nikamenya moja.

Fyuuuuu-iiiii-puh.

Bibi mmoja nyuma akasema, "Amina." Padri akasimama, akafungua mikono, "Tuombe."

Kichwa cha Papa Kalonda kikatokea juu ya kinanda, macho yametoka.

"Sifa! Hewa!"

"Papa, si imeisha?"

"Imeisha wapi? Niko Kabambare! Umeniacha Kabambare!"

Alidhani ananong'ona. Kanisa zima likasikia. Watu waliinama wakijidai wanasali, mabega yanatikisika. Mama Bitondo hata kuinama hakuinama, alicheka mpaka kitenge kipya kikafunguka. Na jogoo, ambaye hakuwa mbali, akawika.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Sifa wa Kabambare. Nikipita sokoni, mama wa ndizi anauliza, "Sifa, umesharudisha muzee ya watu?" Nililia siku mbili. Siku ya tatu Papa Kalonda akaja kwetu, na karatasi zake chini ya kwapa.

"Nyamaza. Kosa ni la bugali," akasema. "Ona hapa." Chini ya ule mstari mnene kulikuwa na alama ndogo, herufi mbili za kizungu. "Hii inasema: rudi mwanzo. Mutungaji hakutaka kuandika nyumba mara ya pili, alijua unaijua. Karatasi imeisha, Sifa. Wimbo haujaisha."

Akaokota kijiti, akachora udongoni. Hapa Kasongo: tumetoka, jua, kila kitu tunakijua. Huku Kabambare: matope, mvua, watu wageni, sauti nyingine. Halafu hapa Kasongo tena. "Nyimbo nyingi za Wazungu wa zamani ziko hivi. Nyumbani, Kabambare, nyumbani. Sasa wee ulikata hewa mwisho wa Kabambare. Mimi nililala njiani na koti yangu!"

Tangu hapo nikafungua masikio, na sikuweza kuyafunga tena. Ndio ugonjwa wa kazi hii, nanyi utawapata.

Nikaanza kuona kwamba kila wimbo una mwendo kama watu. Kuna wimbo wa Mama Bitondo akienda sokoni. Anatoka nyumbani kununua chumvi, anarudi. Amesahau mafuta ya mawese, anatoka, anarudi. Amesahau viberiti, anatoka, anarudi. Kila safari ni mpya, na kila akirudi nyumba ni ile ile, na anasema neno lile lile mlangoni: "Eh, kichwa yangu hii!" Papa Kalonda alinionyesha kipande cha namna hiyo, na nilipoisikia sauti kuu ikirudi mara ya nne nikapiga kelele nyuma ya kinanda, "Eh, kichwa yangu hii!" Ilikuwa misa ya wafu. Tuyaache hayo.

Kuna wimbo wa kitambaa kimoja. Sauti ni ile ile, lakini kwanza imeshonwa rinda, kisha blauzi, kisha mbeleko ya kubebea mtoto, mwishowe pazia. Ukiisikiliza vizuri, maua ya kitambaa unayatambua hata yakiwa yamekunjwa.

Na kuna zile nyimbo zetu za kanisani: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio. Hizo mnazijua, lakini mnaziharibu. Ubeti ni wa aliye na kitabu. Kiitikio ni cha yule bibi wa nyuma asiyejua kusoma, amengoja ubeti mzima ili zamu yake ifike. Ninyi mnakibadilisha kila mara mkitaka kupendeza, naye anabaki mdomo wazi kama samaki. Acheni kiitikio. Pambeni ubeti mpaka mchoke.

Somo kubwa zaidi nililipata njiani, kwenda Kabambare yenyewe.

Parokia ya Kabambare ilituita kwa sikukuu yao, na walitaka kinanda. Papa Kalonda aliposikia akasema, "Tunakwenda kumaliza." Tukakodi pikipiki tatu. Ya kwanza ilibeba kinanda, kimefungwa kwa mipira, kimelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Ya pili, Papa Kalonda na Mama Bitondo. Ya tatu, mimi, na mapajani mwangu kitunga, na ndani ya kitunga jogoo.

"Mama, jogoo wa nini?" nikauliza.

"Kama wimbo utaishia kule, nitachinja kule. Siwezi kukaa na deni ya mutu mpaka nirudi Kasongo."

Dereva wangu aliitwa Omari, kijana Mwislamu wa kwetu Kasongo, mpenzi wa rumba kuliko petroli. Kila mlima anaimba. Mahali fulani njia ikageuka uji. Tukateremka, tukasukuma pikipiki moja moja, matope mpaka magotini, jogoo kichwani mwangu. Papa Kalonda alikuwa anafurahi!

"Sifa, unasikia? Hii ndiyo karatasi ya pili. Sehemu ya katikati! Ni lazima iwe mubaya kidogo, ndipo utatamani nyumbani."

Omari akasema, "Papa, miye sisikii kitu, nasikia kiuno. Na nyinyi wa kanisa mnapenda kurudi sana. Sisi wa rumba hatuna kurudi. Tunaanza polepole, mwanaume analia juu ya mwanamke, analia, analia. Halafu gitaa inaingia, sebene! Kila mutu anasimama, anacheza mpaka asubuhi. Nyumbani hakuna mwenye anakumbuka."

"Ndiyo wimbo ya mwanaume mwenye kuoa kule kule njiani," akasema Mama Bitondo. "Bibi yake anapika, anangoja."

"Mama, lakini tunacheza vizuri!"

"Cheza. Bugali inapoa."

Papa Kalonda akawaza, mguu mmoja umezama. Kisha akasema polepole, "Omari iko na haki. Kuna nyimbo za kurudi, kuna nyimbo za kuhama. Mubaya ni kuchanganya. Usingoje mutu mwenye amehama. Na usimufungie mulango mutu mwenye anarudi." Akajaribu kuutoa mguu, kiatu kikabaki. Tulikitafuta nusu saa.

Usiku ule Kabambare wakatupokea vizuri, wakatupa sombe, majani ya muhogo, na samaki, na asubuhi kabla ya misa Papa akanifundisha jambo la mwisho, mkia wa wimbo.

"Tukisharudi nyumbani, Sifa, wimbo haukati papo hapo. Unajua kusindikiza mugeni?"

Nani asiyejua? Mgeni anasema, "Basi naenda." Hasimami. Baada ya kitambo, "Eh, basi naenda kweli." Anasimama, anasema habari nyingine mlangoni. Mnatoka naye uani, mnaagana. Mnafika njiani, mnaagana. Kwenye kona anageuka, "Salimieni na bibi!" Ndipo anapotea.

"Mukia wa wimbo ni vile vile. Utasikia mwisho, si mwisho. Utasikia tena, si mwisho. Sauti ya *sol* ni mugeni amesimama kizingitini. Sauti ya *do* ni amefika kwake. Mpaka *do*, na *mi*, na *sol* zilie pamoja, vidole vitatu hivi, usiachie mpini hata kama nyoka anapita."

"Hata kama nyoka anapita," nikasema.

Kanisa la Kabambare lilijaa. Mama Bitondo kiti cha mbele, kitunga chini ya kiti. Papa Kalonda akaweka karatasi, akanitazama juu ya kinanda. Nikajaza hewa mpaka kifungo kikagusa chaki ya chini.

Jua la asubuhi. Nikavukuta. Karatasi ya pili, matope, kiatu kimepotea. Nikavukuta. Kiooni nikaona mstari mnene. Mkono wenyewe ulitaka kuachia, kwa mazoea, nikaung'ata. Kweli, niliung'ata, alama ilikaa wiki nzima. Na wimbo ukageuka kona, na ile sauti ya kwanza ikarudi, yule mtu anafagia uwanja tena, lakini safari hii ulijua ametoka mbali. Wadogo zangu, nilianza kulia nyuma ya kinanda. Sauti ni ile ile, noti ni zile zile, na hazikuwa zile zile kabisa. Hapo ndipo nilielewa kwa nini mtungaji hakuziandika mara ya pili.

Nikiwa nalia, mkono ulisahau adabu. Nilivukuta kwa upendo. Na upendo, kwa ngozi ya mbuzi iliyozeeka, ni kitu kibaya. Mkia ukaanza: basi naenda. Nikasukuma zaidi. Basi naenda kweli. Nikasukuma zaidi, nikitaka sauti ile ya mwisho ipate hewa ya kutosha mpaka watu wa kijiji cha Wamaza wasikie. Kifungo kimeshuka chini ya chaki, kimeshuka mpaka hakionekani tena. *Sol*, mgeni yuko kizingitini. Papa Kalonda akanyanyua vidole vitatu, juu kabisa, akavishusha...

PAA!

Mivukuto ikapasuka. Vumbi la miaka yote likatoka, na manyoya, na kiota cha panya, na karanga yangu ya ile sikukuu. Vidole vitatu vya Papa Kalonda vilikuwa juu ya *do*, *mi*, *sol*, vimebonyeza hadi mwisho, na hakuna sauti. Na katika kimya hicho, kutoka chini ya kiti cha mbele, jogoo akawika.

Watu wa Kabambare wakapiga makofi na vigelegele. Walidhani ndivyo wimbo unavyoishia. Mzee mmoja alinishika mkono nje, akaniambia, "Muziki wa Kasongo iko na nguvu!"

Nje ya kanisa kukawa na kesi.

"Wimbo umeisha," akasema Papa Kalonda, vumbi usoni. "Jogoo amewika kwenye *do*. Nilisikia vizuri."

"Miye nilisikia bomu," akasema Mama Bitondo.

"Halafu jogoo!"

"Jogoo hawezi kuimbia shingo yake mwenyewe. Nilisema nisikie mwisho wa kinanda. Omari, wee ni mutu wa dini ingine, hauna upande. Sema."

Omari akafikiri, akalitazama lile tumbo la kinanda lililopasuka, akamtazama jogoo. "Mwisho sikuisikia. Lakini ilikuwa sebene muzuri sana."

Jogoo akarudi Kasongo mapajani mwangu, akiwa hai, akinidonoa njia nzima.

Baada ya hapo mambo yakaja haraka. Mtu mwema akaipa parokia ile piano ya umeme mnayoipiga sasa, pamoja na pano ya jua ya kuipa umeme. Haitaki mvukutaji. Tena ina kitufe cha mwanzo, na ina kitufe cha kumalizia: unabonyeza, wimbo unaisha wenyewe, haraka, kwa madoido. Nilipokiona kitufe hicho nilijua nimestaafu. Sina ubaya nacho. Lakini, tafadhali, mkikibonyeza, mjiulize kwanza kama mgeni ameshafika hata kizingitini. Jumapili iliyopita mlimfukuza akiwa na kikombe mkononi.

Vidole vya Papa Kalonda vikaanza kuvimba. Binti yake, aliyeolewa Kabambare, akaja kumchukua yeye na Mama Bitondo. Nikawasindikiza: mlangoni, uani, njiani. Kwenye kona Papa akageuka juu ya pikipiki, akapaza sauti, "Sifa! Safari hii nakwenda Kabambare mwenyewe! Haukuniacha!"

Kitunga kilikuwa kimefungwa nyuma, shingo ya jogoo imechomoza.

Siku mtandao ukipatikana ananipigia. Hasemi yambo. Anasema, "Hewa iko?"

Namjibu, "Iko, Papa."

"Basi niko bado huku," anasema, tunacheka, salio linakatika.

Nikimaliza kucheka huwa naukumbuka ule wimbo. Kwa sababu ni kweli, yuko bado kule. Wimbo wake umesimama kizingitini, vidole vitatu vimebonyeza, hakuna aliyemfungulia.

Basi nikamwomba Padri ufunguo wa stoo. Nikaenda kwa mhunzi, nikajifunza kukata ngozi na kuipaka mafuta. Nilishona mivukuto miezi mitatu, nikijichoma sindano na kuomba msamaha kwa mbuzi. Kitu kimoja kilinishinda: mpini uko nyuma, vibonye viko mbele, na mimi ni mmoja. Miaka kumi na mmoja nilikitia kinanda hewa, na sikuwahi kubonyeza hata noti moja.

Alasiri moja, kwaya imekwenda shambani, nikachukua kamba ya mbuzi, nikafunga upande mmoja kwenye mpini, nikaipitisha juu ya mti wa paa, upande mwingine nikaufunga kwenye mguu wangu. Nikisukuma mguu chini, nyuma mpini unapanda. Nilijaribu. Kifungo cha shati kikatikisika. Nilikaa juu ya kiti cha Papa Kalonda kwa mara ya kwanza. Ni kirefu, nilining'inia.

Habari hii sijamwambia mtu mpaka leo. Nitawaomba kitu: atakayekwenda Kabambare amnong'oneze Papa Kalonda sikioni, yeye peke yake. Mama Bitondo asisikie. Ni mtu wa neno lake, na jogoo yule ni mzee sasa, tumesafiri pamoja, nami namtakia maisha.

Nilijaza hewa taratibu, bila upendo mwingi, mpaka kifungo kikagusa chaki. Nikabonyeza *sol* kwa kidole kimoja: mgeni kizingitini. Nikamwacha asimame kidogo. Halafu nikaweka vidole vitatu, *do*, *mi*, *sol*, nikarukaruka kibonye kimoja kimoja kama alivyonionyesha, nikabonyeza zote pamoja. Stoo nzima ikajaa, viti vilivyovunjika vikatetemeka. Sikuvukuta tena. Niliacha vidole pale pale mpaka hewa ikaisha yenyewe, polepole, bila fyuu na bila puh. Nikafungua kamba mguuni, nikafunika kinanda kwa kitenge changu, nikarudisha ufunguo.